Mwaka Tulioshona Ndege

Wenzetu Waislamu hawalazi maiti. Habari ya Bakari imenifikia Masasi asubuhi, mimi nafika Newala alasiri, nakuta wanaume ndio wanarudi kutoka makaburini wakijikung'uta vumbi miguuni. Hata ningewahi, mwanamke kule haendi kaburini, kwa hiyo sikuona sababu ya kujilaumu. Nikavua viatu, nikaingia chumba cha wanawake, nikapenya mpaka kwenye mkeka wa Mama Zuberi, dada wa marehemu. Tulishikana mikono. Amekuwa bibi sasa, mikono mikavu, lakini sauti ni ile ile iliyokuwa ikiniamuru nile. “Ntoto wa Kimakua, umekuja,” akasema. Nikajibu, “Nimekuja, dada. Pole sana.” Akasema, “Kaka yako ametuacha gizani.” Nilitaka kumwambia kwamba aliyekaa gizani ni Bakari mwenyewe, miaka mingi kuliko aliyokaa kwenye mwanga, lakini msibani mtu hasahihishi maneno ya mwenye msiba. Mimi si mtu wa kulia ovyo, watoto wangu wanasema nina roho ya jiwe. Basi nikakaa macho makavu katikati ya wanawake wanaolia, na nikaanza kuukumbuka ule mwaka mmoja.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini, najifunza cherehani Masasi kwenye baraza ya duka moja la vitambaa. Upande wa kushoto cherehani yangu, upande wa kulia meza ya Bakari, fundi redio, kijana wa Newala aliyenizidi miaka michache. Kati yetu ilikaa ndoo ya maji ya kunywa, yenye mfuniko na kikombe juu yake. Ndoo ile Bakari aliipiga teke kila siku iliyopambazuka. Mimi na mdomo wangu nikawa namwuliza, “Wewe kaka, macho umeyaacha Newala?” Naye anacheka, anaokota kikombe, anapapasa mfuniko ulikoviringikia. Nilidhani ni mtu mzembe wa miguu tu. Wapo watu wa namna hiyo, mikono hodari na miguu ya bata. Mpaka siku moja Mama Zuberi akamleta kutoka hospitali ya Ndanda, wakakaa kwenye benchi kunywa chai, mimi niko nyuma ya gauni la harusi nililolitundika kwenye kamba. Hawakuniona. Mama Zuberi alikuwa anarudia maneno ya daktari polepole kama mtu anayekariri dua, kwamba ni presha ya macho, la kushoto limekwisha, la kulia linajifunga kutoka pembeni kuja katikati, na dawa ya matone itachelewesha tu, haitarudisha kitu. Bakari akauliza, “Alisema litafunga lini?” Dada yake akajibu, “Hakusema lini.” Nikaanza kuzungusha gurudumu la cherehani, sindano haina hata uzi, ili wasijue kuwa nasikia. Kuanzia kesho yake ndoo niliihamishia upande wangu, na sikumtania tena kuhusu macho. Yeye akajua kwamba najua. Hatukulisema.

Ndege ilianza baada ya hapo. Palikuwa na kijana mmoja wa Ulaya aliyekuja kujitolea katika karakana za huko Ndanda, na burudani yake jioni ilikuwa kurusha ndege ndogo za rimoti. Aliyokuwa nayo ilimpasukia kwenye mwamba. Alipofika wakati wa kurudi kwao, akamwachia Bakari vilivyobaki kwa sababu alimtengenezea redio yake, yaani rimoti yenye antena ndefu, kipokezi chake, mota yenye propela, betri, na vimota viwili vidogo vya kugeuzia mabawa. Akamchorea pia umbo la ndege yenyewe kwenye kipande cha boksi. Haikuwa na kiwiliwili, haikuwa na mkia, ilikuwa mabawa mawili tu yaliyoungana katikati. Nilipouona mchoro nikacheka nikasema hii si ndege, hii ni kola ya shati. Bakari hakucheka. Alisema, “Esta, nataka niione ikiruka. Mara moja tu. Kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu, nikione tangu kinapopanda mpaka kinapogusa chini, chote, bila kunipotea. Baada ya hapo haya macho yafunge yanavyotaka.” Aliyasema hayo huku anachomelea waya wa redio ya mtu, uso karibu na meza mpaka moshi wa risasi unamwingia puani. Nikamwambia haya, lete plastiki ya kukata.

Plastiki yenyewe ilikuwa ya bango kuukuu la sabuni lenye picha ya mama anayecheka, lile la aina ya mabango mepesi yenye vijimirija ndani, ukilikata ukachungulia unaona vitundu vimepangana. Bakari akakata bawa la kwanza peke yake, nikamwona anakosea nikamwachia, maana mwanaume akishika mkasi hashauriki. Alikata vijimirija vikielekea mbele na nyuma. Alipoliinua, bawa likajikunja katikati kama kadi ya harusi. Hapo ndipo nilipocheka mpaka mwenye duka akatoka nje. “Wewe umekata gauni kwa upana!” nikamwambia. “Kila kitambaa kina uzi wake, na hii nayo ina uzi wake. Mirija itoke kifuani iende mpaka ncha ya bawa, ndiyo itabeba.” Akanipa mkasi. Tukamkata mama wa sabuni vipande viwili, jicho moja bawa la kushoto, meno yote bawa la kulia. Gundi kila aina ilikataa, plastiki ile haishiki gundi, inateleza kama imepakwa mafuta. Basi nikatoboa matundu kwa sindano ya moto nikayaunganisha mabawa kwa uzi wa kushonea viatu, mshono wa mara mbili, nikapitisha na fito ya mwanzi ndani ya mrija ili yasipinde. Nyuma ya kila bawa nilichana ngozi ya juu tu ya plastiki nikaiacha ya chini, likapatikana bapa linalonyanyuka na kushuka lenyewe bila bawaba. Bakari akafunga spoku za baiskeli kutoka kwenye vimota mpaka kwenye mabapa. Yakinyanyuka yote mawili ndege inapanda, moja likipanda na jingine likishuka ndege inalala upande. Mwisho tukaiweka juu ya ncha za vidole viwili, tukasogeza betri mbele, tena mbele kidogo, mpaka ikatulia. Kazi hii ya vidole Bakari aliifanya amefumba macho. Nilimwuliza kwa nini, akasema anazoea.

Tuliirusha kwanza kwenye kiwanja cha shule, chini ya yale majabali ya Masasi. Bakari akashika rimoti, mimi nikairusha kwa mkono. Ilipanda vizuri kabisa. Halafu nikamsikia, “Iko wapi? Esta, iko wapi?” Kichwa chake kinakwenda huku na huku kama kuku anayetafuta kifaranga, na ndege iko mbele yake waziwazi. Jicho lile lilikuwa limebakiza katundu kadogo ka kuonea. Ukiwa nalo unaweza kusoma gazeti, lakini kitu kinachokatiza angani hukipati, na ukikipata kimeshaondoka. Ikaanguka kwa pua. Tukarudi barazani, nikashona. Tukarusha tena, ikaanguka tena, nikashona tena, hadi akanikabidhi rimoti mwenyewe. Nikajifunza mimi. Nilivunja propela, nilichana ncha za bawa, mwishowe mkono ukakubali, na jioni moja nikaizungusha kiwanja kizima nikaitua majanini bila hata mkwaruzo. Nilipogeuka nimwone furaha yake, nikamkuta amesimama uso juu, bado anatafuta. “Imeshatua,” nikamwambia. Akasema, “Naisikia. Niliisikia vizuri sana, Esta. Sauti yake safi.” Neno hilo la kusikia nililichukia kama mtu anavyochukia dawa chungu. Alikuwa akilisema kila tulipotoka kiwanjani, kwa upole, kana kwamba mimi ndiye wa kubembelezwa. Jioni zile tulikula ugali wa muhogo na mbaazi kwa mama mmoja muuza chakula, yeye akipapasa bakuli kwa kidole ili ajue mboga imefika wapi.

Yeye ndiye aliyetaja Newala. Alisema upepo wa Masasi ni wa kuzunguka majabali, hauna adabu, lakini kule kwao ukingoni upepo unapanda kutoka bonde la Ruvuma umenyooka kama mtu anayepumua. Ndege ukiielekeza kwenye upepo huo itakaa hewani karibu mahali pamoja. “Ikisimama,” akasema, “nitaitafuta mpaka niipate. Ikishaingia kwenye tundu langu haitoki.” Kipupwe kilipoingia ikatokea sababu ya mimi kwenda kule. Zuberi, mtoto wa Mama Zuberi, alikuwa anaingia jando, na wanawake wa ukoo wakataka sare za siku ya watoto kutoka. Nikapandisha cherehani kwenye gari la Newala, ndege imefungwa kwenye khanga, Bakari kando yangu ameipakata kama mgonjwa.

Chumba nilichopewa kwa Mama Zuberi kilikuwa na dirisha moja dogo linaloangalia uani, na hapo chini ya dirisha ndipo nilipoweka cherehani. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, sioni hata mkorosho wa kwanza. Kutwa ilinuka salfa waliyokuwa wakipulizia mikorosho. Maji yalikuwa ya shida, nilioga kwa kopo moja na nikajifunza kunyamaza. Tulikula ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini vya kule, na Mama Zuberi akinihimiza, “Kula, ntoto wa Kimakua, usije ukasema kwenu Lulindi kuwa Wamakonde wamekunyima.” Siku za kwanza upepo haukuja kabisa, ukungu tu umelala bondeni, na Bakari akienda ukingoni kila alasiri kunyoosha kiganja hewani na kurudi bila neno. Ndipo siku moja, nikiwa napiga pindo, nikawasikia uani. Wazee wawili wa ukoo walikuwa wamekuja kwa ajili ya Zuberi. Mjomba mkubwa alikwishafariki, aliyebaki ni Bakari, basi Bakari aingie na mtoto, akae naye kule mpaka mwisho. Mama Zuberi akasema, “Jamani, na macho yake?” Mzee mmoja akajibu bila ukali, “Kule hatutafuti mtu wa kutusomea barua, mama. Tunatafuta mjomba.” Halafu Bakari: “Nitaingia.”

Nilimsubiri mpaka wazee wameondoka, nikatoka na sindano mkononi. “Majuma yote hayo!” nikamwambia. “Utatoka kule huoni hata mlango. Na ndege?” Alikuwa ameketi kwenye kinu kilichopinduliwa. Akasema, “Mtoto asiye na mjomba jandoni ni yatima na mama yake yupo hai.” Kwa Wamakonde mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba, nalijua hilo, lakini nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa nampenda. Haya, nimelisema. Nilikuwa nampenda na yeye ananiambia habari za mtoto wa dada. Nililia kwa hasira. Akaningoja nimalize, akasema, “Likumbi letu, makazi ya watoto wa jando, liko nyuma ya mikorosho ya kule ukingoni. Wewe kaa huku barabarani, mbali, usisogee hatua moja. Siku upepo ukija, baada ya swala ya alasiri, irushe juu ya pori, uielekeze bondeni, uisimamishe hapo. Mimi nitakuwa chini natazama. Anga halina jando.” Akacheka. Mimi sikucheka, lakini nilikubali.

Upepo ulikuja watoto wakiwa wameshaingia siku nyingi. Niliamka nikasikia mabati yanagonga. Alasiri nikaenda na khanga yangu mpaka barabarani, nikaelekeza uso kwenye upepo, nikairusha. Sikuwa nimewahi kuirusha namna ile. Ilipanda bila kuhangaika, ikapita juu ya mikorosho, nikaigeuza pua bondeni, nikapunguza mota, na ikasimama. Kweli ilisimama! Ilikuwa ikitikisika kidogo tu ncha za mabawa, jicho la mama wa sabuni na meno yake yameangalia chini. Nilikuwa naongea peke yangu, “Tazama sasa. Tazama. Pale pale. Usihame.” Chini ya ndege sikuona kitu ila vichwa vya miti na uzi wa moshi. Niliishikilia mpaka vidole vikafa ganzi. Betri ikaanza kuchoka, nikajaribu kuirudisha, na ile pumzi ya bonde ikakatika ghafla. Ndege ikainamisha pua, ikazama nyuma ya miti taratibu, hata haikuwa na haraka. Nikasikia watoto wanapiga kelele, halafu kimya, halafu sauti nzito za wanaume zikaanza wimbo.

Jioni hiyo mzee mmoja alikuja uani. Hakuuliza ni ya nani, na mimi nikiwa pale pale na uzi mdomoni. Alimwambia Mama Zuberi tu kwamba kuna kitu kimeingia kule, na kinachoingia kule ni cha kule, hakitoki, wanaotoka ni watoto. Mama Zuberi akasema tumesikia, baba. Mzee alipoondoka, dada akaniwekea sahani mbele na kusema kula. Niliendelea kushona sare, nikijipa moyo kwamba Bakari atapata njia, atafunga kile kipokezi na mota kwenye kitambaa amtume mtu, maana bila vile hakuna ndege nyingine, vingepatikana wapi? Hakutuma. Siku ya kutoka, sisi wanawake tulisimama njiani na vigelegele, na moshi ukapanda nyuma ya mikorosho, kwa sababu makazi yale huchomwa na watoto hawaruhusiwi kugeuka nyuma. Wenzangu wakashangilia moshi. Mimi niliisikia harufu. Miti na nyasi haviwezi kunuka vile. Ilikuwa plastiki inayeyuka, na uzi wangu wa viatu ndani yake. Wakaja watoto wamefunikwa nguo, Zuberi akiwa na shati nililomshonea, na nyuma kabisa Bakari, mkono begani kwa mwanaume mwingine.

Nilimfuata pembeni ya nyumba ngoma ikiwa imekolea. “Uliiona?” nikamwuliza. Akageukia sauti yangu, akakosea kidogo, akawa anatazama sikio langu. Ndipo nilipojua kwamba jicho limefunga. Akasema, “Esta, ya kule yanabaki kule.” Nikamwambia, “Sikuulizi jando lenu. Nauliza ndege.” “Ilidondokea kule,” akasema. Basi. Nilisubiri neno la pili, halikuja. Kesho yake nikashusha cherehani Masasi. Yeye alibaki kwao, akaendelea kutengeneza redio kwa vidole, na watu walimsifu mpaka Tandahimba. Mimi nikaolewa, nikazaa, nikaajiri mafundi wangu mwenyewe. Tulikutana harusini mara chache, nami nampa mkono, naye anauliza habari za Upendo, kifungua mimba wangu, na wadogo zake, na ananitaja kwa watu kuwa huyu ndiye fundi wangu wa Masasi. Swali sikulirudia. Niliona kama hakuiona, na ameona haya kusema, kumwuliza tena ni kumchoma. Na kama aliiona akaninyima, basi aninyime. Hivyo ndivyo nilivyoishi nalo.

Zuberi sasa ni mtu mzima mwenye ndevu, ndiye aliyesimamia maziko. Jioni hiyo ya msiba nilikuwa nyuma ya nyumba nasuuza masufuria, akaja kuchota maji ya kutawadha, akaniamkia. “Shikamoo, Mama Upendo.” Nikaitikia marahaba, nikamwambia akae. Sikuwa nimepanga kuuliza, mdomo wangu huo. “Baba,” nikasema, “siku ile ndege iliyodondokea kwenu. Mjomba wako aliiona ikiruka?” Akainamisha kichwa. Akaanza, “Mama, ya kule…” Nikasema najua, baba, nisamehe, nenda kaswali. Hakwenda. Aliweka birika chini. Alikaa akizungusha pete kidoleni, na mimi nikaendelea kusugua sufuria lililokwisha kutakata.

“La jando sitasema,” akasema mwishowe. “Nitasema la mjomba, maana mjomba amekufa. Tulisikia mlio, watoto tukatazama juu. Yeye alikuwa anatafuta, anatafuta. Halafu akatulia kabisa. Wazee wanamwita, haitiki. Ilipoanza kushuka akakimbia. Akagonga kisiki akaanguka, akainuka, akaanguka tena, magoti yanatoka damu, sisi tunamcheka. Lakini uso wake, Mama Upendo, ulikuwa hivi.” Akanyanyua kidevu. Akakigeuza polepole kufuata kitu kisichokuwepo, bila kuruka, bila kurudi nyuma, chini, chini zaidi, mpaka kikafika kwenye vidole vya miguu yake. “Aliifikia wa kwanza. Akakaa chini, akaishika mpaka magharibi.”

Nikamwuliza kwa nini basi hakuniambia. Neno moja tu. Hata kunibana mkono. Zuberi akaniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye mtoto. “Mjomba ndiye aliyenifundisha kunyamaza,” akasema. “Na mimi siku ile ya kutoka, ulipomwuliza, nilikuwa nimesimama nyuma yenu, namsikiliza atakujibu nini.”

Akaokota birika lake akaenda. Mimi sufuria lilinitoka mkononi. Sijui nilifurahi au nilikasirika, ila najua nilikaa chini kwenye tope la maji ya vyombo, na sauti iliyonitoka iliwatoa wanawake ndani. Nililia kwa makelele, mtu wa roho ya jiwe mimi, nikimwita kwa jina lake mbele ya wajukuu wa watu. Mama Zuberi akaja akishika ukuta, akanifunika upande mmoja wa khanga yake. Wengine wakataka kuninyamazisha. “Mwacheni,” akawaambia. “Huyu alikuwa hajafika bado.”